Kwa nini kokwa ya ginkgo huleta degedege hata baada ya kuchomwa?

Mwaka 2002, madaktari wa Japani walichapisha habari ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekula kokwa 50 hadi 60 za mti wa ginkgo. Saa saba baadaye alianza kutapika na kuharisha, na ilipotimu saa ya tisa akashikwa na degedege, ingawa hakuwa na homa. Katika habari hiyo limo neno moja ambalo msomaji huweza kulipita bila kulitazama: kokwa zile zilikuwa zimechomwa.

Neno hilo ndilo lililonisahihisha. Kwa muda mrefu niliamini, na niliwahi hata kumweleza mwenzangu kwa kujiamini kabisa, kwamba sumu ya ginkgo ni ya aina ileile ya muhogo mchungu, ambayo mpishi anayejua kazi yake huimaliza jikoni. Kosa hilo lina mantiki yake. Muhogo mchungu huhifadhi sianidi ikiwa imefungwa pamoja na sukari. Mtu akiumenya, akauvundika, akautwanga na kuuanika, vimeng'enya vya muhogo wenyewe huifungua sianidi hiyo, nayo sehemu kubwa huondoka na maji au hupotelea hewani. Sisi tuliolelewa kwa ugali wa muhogo tumezoea kwamba sumu ya chakula ni kitu cha kutolewa kwa subira, maji na jua. Hata farmakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo, inayoitambua kokwa hii kuwa dawa, inaonya kwamba ni sumu ikiliwa mbichi. Onyo hilo ni la kweli, lakini msikilizaji hulimalizia mwenyewe kwa kudhani kwamba iliyopikwa si sumu. Sumu ya ginkgo haivunjwi na moto wa kawaida wa jikoni, wala haipai hewani kama sianidi. Kokwa zikichemshwa, kiasi fulani huweza kuhamia katika maji yanayomwagwa. Zikichomwa, hakuna maji ya kuipokea.

Mti wenyewe asili yake ni China, ukaenea Korea na Japani, na katika mimea yote iliyopo leo hauna ndugu wa karibu. Mti jike hutoa mbegu zenye nyama laini inayonuka kama samli iliyochacha, tena inayobabua ngozi kwa kemikali za ukoo mmoja na zile zinazowaunguza mikono wabanguaji wa korosho. Ndani ya nyama hiyo mna ganda gumu, na ndani ya ganda mna kiini kinacholiwa. Wajapani hukichoma kwa chumvi, Wachina hukitia katika uji wa mchele, na tiba ya jadi ya China hukitumia kwa kikohozi na pumu. Vidonge vya majani ya ginkgo vinavyosifiwa kwa kuimarisha kumbukumbu ni jambo jingine: dondoo yake ilianza kutengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1960, na jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2008, likiwa na washiriki 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, halikuona kwamba inazuia ugonjwa wa kusahau wa uzeeni.

Turudi kwenye degedege. Mwaka 1985 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kinacholeta tatizo ndani ya kokwa ni molekuli inayofanana mno na vitamini B6. Tofauti yake ni kishungi kidogo tu: atomi moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, zilizopachikwa mahali ambapo vitamini halisi haina kitu cha namna hiyo. Kufanana huko ndiko kunakoiponza B6.

Vitamini B6 inayotoka katika chakula haifanyi kazi mara inapoingia mwilini, bali ni lazima kwanza ipigwe muhuri wa fosfeti na kimeng'enya maalumu. Tufikirie karani aliyeketi kwenye lango la bandari akiwagawia vibarua vitambulisho vya kuingilia kazini. Ghafla linafika kundi la watu waliovaa sare ileile, wenye sura zilezile, ila kila mmoja amefungwa bendeji mkononi. Karani hatazami mikono. Anawahudumia hao kwanza, foleni ya vibarua wa kweli inasimama, na hao walioingia hawawezi kubeba hata gunia moja. Mtu anayeitazama bandari kwa mbali ataona shughuli nyingi langoni, na huku meli haipakuliwi.

Meli hiyo ni ubongo. Seli za neva husisimuana kwa kemikali iitwayo glutamati, na hutulizana kwa nyingine iitwayo GABA. Ajabu ni kwamba hiyo ya kutuliza hutengenezwa kutokana na hiyohiyo ya kusisimua, kwa kunyofoa kipande chake kimoja, na kazi ya kunyofoa haiwezekani bila B6 iliyokwisha kupigwa muhuri. Ni kama lori linaloteremka mlima mkali wa Kitonga, Tanzania, ambalo breki zake huundwa kutokana na mafuta yaleyale yanayolisukuma. B6 ikikosekana, hasara inakuwa ya pande mbili, kwa maana breki hazitengenezwi na mafuta yanazidi kurundikana. Seli zinaanza kuwaka kwa pamoja, na mwili unatikisika.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulifahamu jambo hili bila kuwahi kuiona kokwa ya ginkgo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka 1952, nayo huivuruga B6, japo kwa njia yake yenyewe, na ndiyo sababu wagonjwa wengi wanaoimeza hupewa pia kidonge cha piridoksini, ambacho ni B6 yenyewe. Mtu aliyezidisha isoniazidi akapata degedege huenda asitulizwe vizuri na diazepamu, dawa ya kawaida ya kutuliza degedege, peke yake, kwa kuwa diazepamu huipa nguvu GABA iliyopo, na hapo GABA ni haba. Yule mtoto wa Japani pia alitibiwa kwa B6 iliyokwisha kupigwa muhuri, yaani vibarua walipelekwa moja kwa moja ndani bila kupitia kwa karani.

Ni kokwa ngapi basi zinazoleta madhara? Hapa ushahidi ni mwembamba, kwani unatokana zaidi na visa vya mgonjwa mmoja mmoja, na kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Ripoti za Japani za kati ya 1930 na 1960, ambazo ni kama 70, zinataja vifo kwa kiasi cha 27 kwa mia, lakini tusisahau kwamba aliyetapika kidogo akapona hakuandikwa popote, na kwamba miaka ya vita na baada yake ilikuwa ya njaa, yaani ya watu ambao huenda B6 yao ilikuwa chache tangu mwanzo. Walioathirika zaidi ni watoto wadogo.

Wajapani wana kanuni ya mdomo isemayo kwamba mtu asile kokwa za ginkgo nyingi kuliko miaka yake. Kwa mtoto wa miaka miwili kanuni hiyo ni ya busara kubwa. Kwa bibi wa miaka 80 inaruhusu kokwa 80, na mwaka 2001 kiliripotiwa kisa cha mwanamke wa Japani wa miaka 36, mwenye afya, aliyepata degedege saa nne hivi baada ya kula kati ya 70 na 80, akitaka kuiimarisha afya hiyo.