Mbwa akiinamisha kichwa, hakiri kosa

Ukifanyia kazi nyumbani, mbwa anakuona siku nzima, lakini wewe muda mwingi humwoni. Unamaliza kikao cha mtandaoni, unakuta waya wa chaji umetafunwa. Mbwa amelaza masikio, anakwepa macho yako, mkia kati ya miguu. Wengi husema: anajua alichofanya.

Sivyo. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio la mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza kula kipande cha chakula, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine aliambiwa uongo. Sura ile ya "hatia" haikufuata kosa. Ilifuata kukaripiwa, na ilijitokeza zaidi kwa mbwa waliokaripiwa bila kosa lolote.

Anachoonyesha mbwa ni hofu. Amesoma sauti yako na mwili wako, anataka yaishe. Ndiyo maana kumchapa, au kumsukumia pua kwenye mkojo uliokwisha kauka (desturi inayoniuma sana), hakumfundishi kitu. Haunganishi adhabu na jambo la saa iliyopita. Anajifunza kukuogopa tu.

Tafuta sababu. Mtoto wa mbwa hutafuna kwa kuwa meno yanaota. Mkubwa, mara nyingi kwa kukosa shughuli. Mtembeze kabla hujawasha kompyuta, mpe kitu chake cha kutafuna, waya uweke asikofika. Ukimkuta anatafuna kisichomhusu, mbadilishie kwa utulivu, na akipokea msifu.