Kubebana ni nini? Neno linalolaza wanafunzi wasiopangiwa kitanda

Mzazi akiambiwa kwamba binti yake "anabebwa Hall 3" anaweza kukimbilia kuuliza kama ameumia. Hajaumia. Ana mahali pa kulala, ila kitanda si chake.

Kubebana, kwa lugha ya wanafunzi wa vyuo vya Tanzania, ni mwenye nafasi hosteli kumlaza mwenzake ambaye hakupangiwa. Mwenye kitanda anabeba, mgeni wake anabebwa. Orodha ya mabweni ina jina moja, godoro lina watu wawili.

Kisarufi neno lina utani wake. Kupigana, kusalimiana, kusaidiana: hapo kila upande unatenda na kutendewa. Katika kubebana mmoja ndiye anayebana miguu kwa ajili ya mwingine. Lakini subiri mwaka mmoja. Vyumba vikipangwa upya, aliyebeba anaweza kukosa na aliyebebwa akapata, ndipo kiambishi hicho cha -ana kinapopata haki yake. Halafu kuna ile harufu ya timu iliyobebwa na refa, ya kupata usichostahili. Nadhani ndiyo sababu watu hulisema neno hili kwa kicheko kidogo.

Wako wanaobebwa mwaka mzima, na begi lao liko chini ya kitanda tangu Novemba. Wako wa msimu, wanaotokea UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia. Kundi la tatu halizungumzwi sana, nalo ndilo ninalolitaka hapa: mwanafunzi anayetokea nyumbani kila siku, ambaye usiku mmoja au miwili kwa wiki hawezi kurudi. Huyo hatafuti makazi. Anatafuta pa kuweka kichwa mpaka asubuhi.

Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kule juu kilijengwa kama chuo cha bweni: unalala, unakula kafeteria, unatembea kwenda maktaba, na jiji unaliona kwa mbali. Ramani hiyo ilitosha wanafunzi walipokuwa wachache na serikali ikiwagharamia. Kuanzia miaka ya 1990 ukaja uchangiaji wa gharama, udahili ukapanda, na vitanda havikuufuata kwa mwendo huohuo. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua hosteli mpya zenye majengo 20 na nafasi 3,840, yaani watu 192 kila jengo. Ni nyingi. Lakini chuo chenyewe kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, kwa hiyo wengi wanalala mitaani: Changanyikeni, Msewe, Sinza, Ubungo, na wengine kwa wazazi wao Mbagala, Gongo la Mboto, Kigamboni, Bunju.

Sasa mwangalie huyo wa Mbagala. Tuseme Jumanne ana semina inayoisha saa mbili usiku, na Jumatano kipindi cha kwanza ni saa moja asubuhi. Kurudi nyumbani ni kubadilisha gari, foleni, na konda ambaye hajui nauli ya mwanafunzi kwa mtu asiyevaa sare. Atafika saa nne au tano, atakula, atalala, na saa kumi alfajiri atakuwa kituoni tena. Kwa muhula wa wiki kumi na tano, anahitaji usiku kumi na tano tu. Ongeza wiki mbili za UE na bado haujapita mwezi mmoja.

Hapo ndipo mambo yanapokwama, kwa sababu karibu kila kitanda anachoweza kukipata kihalali kinauzwa kwa kipimo kikubwa kuliko haja yake. Hosteli ya chuo hugawiwa kwa muhula au mwaka. Hosteli binafsi nazo hivyohivyo. Mwenye nyumba wa Changanyikeni anataka kodi ya miezi sita mkononi. Kinachouzwa kwa usiku mmoja ni gesti. Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, bumu kama tunavyoliita, ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na hiyo ni ya chakula na malazi pamoja, kwa yule aliyebahatika kupata mkopo. Gesti ya bei ya chini kabisa inaimeza yote na chai ya asubuhi hujanywa. Tena mwambie baba kwamba Jumanne utakuwa unalala gesti Sinza, uone.

Basi anabaki rafiki.

Kubebwa kuna adabu zake ambazo hazijaandikwa popote, ila kila mtu anazijua kwa msemo mmoja: ukibebwa, bebeka. Unakuja na shuka lako, ndala zako, sabuni yako. Mnalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, kwa sababu kitanda cha hosteli ni chembamba na wawili kulala sambamba ni kutafuta kuanguka. Huogi wakati wenye chumba wanapanga foleni. Huchaji simu kwenye soketi pekee. Mgeni haaliki mgeni. Ukiona sukari inapungua, unanunua kilo bila kuambiwa.

Mimi nilibebwa karibu miaka miwili, chuo sikitaji, na jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba gharama kubwa hakuilipa rafiki yangu. Yeye alikubali kwa hiari yake. Waliolipa ni rumu meti wake watatu, ambao hakuna aliyewauliza. Chumba cha wanne kikawa cha watano, na wiki nyingine cha sita kwa sababu na wao walikuwa na ndugu zao. Mmoja alikuwa hasemi kitu, anageukia ukutani tu nikiingia. Nilimwona ana roho mbaya. Siku hizi nikikumbuka, namwona alikuwa mtu aliyelipia robo ya chumba akapewa sehemu moja ya sita.

Kanuni za mabweni kwa kawaida haziruhusu jambo hili, na anayejiweka hatarini zaidi ni anayebeba, maana yeye ndiye mwenye nafasi ya kupoteza. Sababu si ukali mtupu. Vyoo na maji vilipigiwa hesabu ya watu fulani. Kukitokea moto usiku, anayeita majina hana jina la anayebebwa. Na kunguni hawaangalii nani kasajiliwa, wanasafiri na begi la Jumanne kutoka chumba kimoja hadi nyumbani Mbagala.

Tusichanganye kubebana na kuuza kitanda. Mtu aliyepangiwa chumba akakaa kwao, kisha akampangisha mwingine kwa bei ya juu, hajambeba mtu. Ni dalali. Kwenye kubebana halisi hela haitajwi, ingawa vocha, chipsi na desa (notisi za kunakili) la somo gumu hupita chini kwa chini.

Majirani nao wana ya kwao. Kenya anayekaa chumba cha bweni bila kupangiwa huitwa paireti, yaani haramia, na neno hilo linaangalia jambo kwa jicho la mwenye meli. Letu linaangalia kwa jicho la mgongo uliobeba. Uganda, pale Makerere, mwanafunzi anayeishi nje huambatanishwa na bweni mojawapo hata kama halali humo. Ana bweni la kujinasibu nalo, ana pa kushangilia kwenye michezo, lakini ikifika saa tano usiku na hana gari yuko palepale na wa kwetu.

Kitu rasmi cha kumfaa mwanafunzi huyu kingekuwa kidogo kuliko watu wanavyofikiri: vyumba vichache vya bweni ambavyo havigawiwi kwa mtu yeyote kwa mwaka, kitanda kinacholipiwa usiku mmoja kwa simu, shuka safi, kabati lenye kufuli, na jina lako kwenye daftari la zamu. Ugumu hauko kwenye kujenga. Uko kwenye shuka: mtu alale mmoja, kesho aje mwingine, lazima kuwe na mfuaji na wa kukagua godoro kila asubuhi, kazi ambazo bweni la kukaa mwaka mzima halizihitaji kwa sababu kila mtu hujifulia yake.

Hicho hakitakuwa kubebana tena, na sidhani kitachukua jina hilo. Atakayelala humo ataweza kugeuka upande wa pili usiku bila kuomba radhi.