Oksidi ya nitriki: gesi inayohitaji mbebaji

Damu yako imekuwa ikizunguka tangu hujazaliwa bila kuganda ndani ya mishipa. Ipitishe kwenye mrija wa plastiki, haichukui muda itaanza kushikana. Wauguzi wa vitengo vya kusafisha damu hawahitaji kuelezwa jambo hili: mgonjwa wa figo mwenye mpira wa kupitishia damu shingoni hujaziwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwenye mpira huo kila anapomaliza kusafishwa, la sivyo siku anaporudi damu haivutiki.

Mshipa una nini ambacho mpira hauna? Upande wake wa ndani umetandazwa seli, na seli hizo hutoa gesi kidogo kidogo, usiku na mchana. Gesi hiyo huzuia chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu, zisishikamane ukutani. Pia hulegeza misuli ya mshipa ili damu ipite kwa wepesi. Jina lake ni oksidi ya nitriki: atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni, basi. Usiichanganye na gesi ya kutuliza maumivu inayotumiwa na baadhi ya madaktari wa meno. Ile ina nitrojeni mbili, na kazi yake ni nyingine kabisa.

Mwaka 1980 Robert Furchgott, akiwa New York, alionyesha kuwa kipande cha mshipa wa sungura hulegea kwa dawa fulani iwapo tu utando wake wa ndani haujakwanguliwa. Kuna kitu kilikuwa kinatoka kwenye utando ule. Miaka kadhaa baadaye ikajulikana kuwa ni gesi hii, na mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. Hapo kuna kichekesho kidogo. Alfred Nobel alitajirika kwa baruti iliyotengenezwa kwa nitrogliserini, kisha uzeeni, moyo ulipomsumbua, madaktari wakamwandikia nitrogliserini hiyo hiyo kama dawa. Wakati ule hakuna aliyejua inavyofanya kazi. Leo tunajua: mwilini hugeuzwa kuwa oksidi ya nitriki.

Basi kama gesi ni nzuri hivyo, kwa nini tusimpe mgonjwa moja kwa moja? Kwa sababu haikai. Ndani ya damu hunaswa na himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, kabla hata sekunde haijaisha. Kwenye mapafu, udhaifu huo unageuka kuwa faida. Tangu mwaka 1999 Marekani imeidhinisha gesi hii ivutwe na watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imebana: inafungua mishipa iliyo karibu, kisha inanaswa kabla haijashusha presha ya mwili mzima. Nje ya mapafu mambo ni magumu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu watoto wa Tanzania wenye malaria ulionyesha kuwa kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, ndivyo miili yao ilivyotengeneza oksidi ya nitriki kwa uchache. Baadaye, nchini Uganda, watoto wenye malaria kali walipewa gesi hiyo waivute, lakini majaribio hayakuonyesha faida ya wazi.

Hapa ndipo fani yetu inapoingia. Bayomateriali ni vitu vinavyotengenezwa ili vikae ndani ya mwili au juu yake, kama vile mpira wa mshipani, bandeji ya jeli au jino la bandia. Tunachotafuta ni kitu kitakachoishika gesi na kuiachia pale pale inapohitajika, kwa kipimo, kwa siku au wiki.

Njia zilizozoeleka zaidi ni mbili. Ya kwanza hutumia diazeniumudiolati: gesi husukumwa kwa shinikizo hadi ifungamane na molekuli zenye amini (kundi la atomu lenye nitrojeni), na ikiguswa na maji huanza kutoka. Ya pili hutumia nitrosothioli, ambamo gesi imeshikiliwa na salfa, na huachiwa na mwanga, joto au shaba. Kundi hili la pili lina tabia ninayoipenda kwa sababu haihitaji mashine kuiona. Baadhi yake ni ya kijani, mengine ni ya waridi, na rangi hufifia kadiri gesi inavyokwisha. Mpira uliopauka umemaliza kazi.

Mark Meyerhoff na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan wametumia miaka mingi kutengeneza mipira ya aina hii, wakilenga kiasi kile kile kinachotolewa na mshipa wenye afya. Melissa Reynolds wa Colorado amepita njia nyingine: anaweka shaba ndani ya plastiki, kwa kuwa damu yenyewe hubeba nitrosothioli, na shaba ikikutana nazo huzilazimisha ziachie gesi. Hapo mpira hauishiwi, maana mafuta yake ni damu ya mgonjwa. Sehemu kubwa ya kazi hii bado iko kwa sungura, kondoo na nguruwe.

Dawa ya namna hii iliyofika kwa wagonjwa ni ya ngozi. Januari 2024 Marekani iliidhinisha berdazimeri, polima (molekuli kubwa iliyoungwa kama mnyororo) iliyobeba gesi hii, dhidi ya vipele vya virusi vyenye kitobo katikati ambavyo watoto huambukizana kwa urahisi. Huja katika tyubu mbili zinazochanganywa wakati wa kupaka, kwa sababu kuchanganya ndiko kunakoanzisha gesi. Hupakwa mara moja kwa siku, hadi wiki 12. Wapo waliosikitika kuwa miaka yote ile imezaa dawa ya vipele. Mimi naona busara: ngozi ikiwasha unaosha dawa, lakini mpira ulio karibu na moyo hauoshwi.

Ninaloliwekea matumaini zaidi ni donda ndugu la mguu wa mgonjwa wa kisukari. Kidonda kama hicho mara nyingi hupungukiwa na oksidi ya nitriki. Kikipewa kidogo, gesi husaidia mishipa mipya kuota. Ikiwa nyingi huua bakteria, hata wale waliojibana chini ya utando wao wa ute ambako antibiotiki haipenyi vizuri. Ikizidi mno huua seli za mgonjwa mwenyewe. Bandeji za kutoa gesi hii zimekwisha kujaribiwa Uingereza kwa vidonda hivyo, na vilisinyaa zaidi kuliko vile vilivyopata huduma ya kawaida. Unga na vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la gesi hii ni jambo jingine. Vingi ni amino asidi tu, na havitibu kidonda.

Kwetu pana kikwazo ambacho maabara za nchi za baridi hazikihisi sana. Nitrosothioli nyingi hupoteza gesi joto likipanda, na stoo ya dawa isiyo na kiyoyozi Dar es Salaam mwezi Februari hupita nyuzi 30. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea jeli mpya, kabla sijauliza imeua bakteria wangapi, naiacha mezani wiki mbili bila jokofu, kisha tunaangalia kama rangi bado ipo.