"Kiwanja hakina mgogoro": muulize Msajili wa Hati kabla hujalipa

Malalamiko yanayofika kwenye ofisi za ardhi nchini Tanzania siku hizi yanafanana sana. Mnunuzi amehakikishiwa kuwa kiwanja hakina mgogoro, ameshalipa, ameandikishiana na muuzaji mbele ya mashahidi, amekabidhiwa hati halisi, sasa anakuja kuhamisha umiliki. Anaambiwa uhamisho hauwezi kusajiliwa kwa sababu kuna zuio (ombi lililosajiliwa la kuzuia ardhi isihamishwe) la mke wa muuzaji, au amri ya mahakama, au rehani ya zamani ambayo haijafutwa. Jibu lake huwa lilelile: "Lakini hati ninayo mkononi, na mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri."

Tunaomba wananchi watuelewe hapa. Kwa ardhi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, kinachohesabika ni kilichoandikwa katika rejista ya Msajili wa Hati, yaani ofisa wa serikali anayetunza kumbukumbu za umiliki wa ardhi. Hati uliyoshika inaonyesha hali ilivyokuwa mara ya mwisho ilipopita ofisini. Zuio likisajiliwa leo, mwenye kiwanja anapelekewa taarifa, lakini hakuna ofisa atakayekwenda kwake kuliandika kwenye hati iliyo kabatini. Na muhuri wa mtaa, kwa heshima zote kwa wenyeviti wetu, haufuti rehani wala hauondoi zuio.

Njia ya kujua ni upekuzi, yaani kuomba uelezwe rejista inasema nini. Unaandika maombi kwa Msajili wa Hati ukitaja namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu na eneo kilipo, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa ada, kisha unapewa majibu ya maandishi yanayoonyesha nani amesajiliwa kuwa mmiliki na nini kimesajiliwa dhidi ya ardhi hiyo. Usiridhike na upekuzi ulioletewa na dalali, hata kama una muhuri halali, maana majibu hayo yanazungumzia siku yalipotolewa tu. Muuzaji anaweza kuweka rehani wiki inayofuata. Omba wa kwako, na kama malipo ni ya awamu, omba tena kabla ya kulipa awamu kubwa.

Zuio ndilo linaloleta maneno mengi. Mtu yeyote anayedai ana maslahi katika ardhi iliyosajiliwa anaweza kuliomba: mrithi, mbia, mnunuzi aliyekwisha kulipa sehemu ya bei. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo, na kinampa huyo mwenzake maslahi yanayoweza kulindwa kwa zuio. Kina mama wengi hawalitumii mpaka wamwone dalali anapima vyumba. Msiwe mnasubiri hadi hapo. Mtu pia asije akalitumia zuio kumkomoa jirani: mwenye ardhi anaweza kuomba Mahakama Kuu imwite aliyeliweka aeleze kwa nini lisiondolewe, na aliyeweka bila sababu ya msingi anaweza kudaiwa fidia. Wapo wanaokuja ofisini wakitaka Msajili aamue nani mkweli. Msajili si hakimu. Analinda kilichoandikwa hadi mahakama iseme vingine au aliyeweka zuio aliondoe mwenyewe.

Kuhusu rehani, Sheria ya Ardhi, Sura 113, kifungu cha 114, inataka rehani ya nyumba ya familia iwe na saini au ushahidi wa ridhaa ya mwenzi. Tangu marekebisho ya 2008, mwombaji wa mkopo analazimika kueleza kama ana mwenzi. Anayedanganya kwa makusudi katika kiapo au waraka ulioshuhudiwa anatenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo au kifungo kisichopungua miezi 12. Narudia: nusu ya mkopo, siyo faini ya kulipa kwa simu ukaenda zako.

Mkopaji akishindwa kulipa, benki haiji kesho yake na dalali wa mnada. Inatoa taarifa ya maandishi, na mkopaji ana siku 60 tangu aipokee. Mnada wa ardhi nao hutanguliwa na tangazo la siku zisizopungua 14. Benki inawajibika kutafuta bei nzuri inayopatikana, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani kwamba wajibu huo umevunjwa, na benki ndiyo itakayojieleza. Zihesabu siku hizo 60 tangu ulipopokea barua ya benki. Anayeitupa barua ndani ya droo anapoteza muda ambao sheria imempa.

Yapo mambo ambayo upekuzi huenda usiyaonyeshe, kwa hiyo nenda kiwanjani na mpima. Nguzo kubwa za umeme zina mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kufuata nyaya, na huruhusiwi kujenga ndani yake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndiyo maana nyumba zilizo ndani ya nyongeza hiyo ziliwekewa alama ya X ya kijani, zenye kustahili fidia, na zilizo ndani ya eneo la zamani X nyekundu. Kama gari linaingia kwa kupita kiwanja cha jirani, uliza haki hiyo ya njia iko wapi kwa maandishi na kama imesajiliwa. Ruhusa ya mdomo aliyopewa muuzaji kwa ujirani mwema inaweza kuisha siku jirani anapouza. Aliyefungiwa kabisa anaweza kuomba mahakama itoe amri ya kupitishiwa njia, lakini ni kesi, na kesi ina gharama. Uliza pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi.

Neno moja kwa waliomaliza mikopo. Kurudishiwa hati na benki hakuifuti rehani kwenye rejista. Benki inapaswa kukupa waraka wa kuiondoa, nao uwasilishwe kwa Msajili pamoja na hati na ada, usajiliwe. Familia nyingi hugundua haya baba akishafariki, wakati wa mirathi, na pengine benki yenyewe imeshaunganishwa na nyingine au tawi limefungwa. Kama hati yako ilirudi nyumbani bila waraka huo, nenda kaudai benki ukiwa bado na risiti za malipo ya mwisho.