Kipindi cha mlaji Tanga: yasemwayo na yalivyo

Mimi ni mwongozaji mdogo wa kipindi cha televisheni cha kumtetea mlaji, na kituo changu cha kazi ni Tanga mjini. Mwongozaji mdogo ni yule anayepewa vipande vya dakika nne au tano vya kuingizwa ndani ya kipindi. Kipindi kizima kina wakubwa wake. Nikipita Ngamiani watu wananiita, wananipa malalamiko yao, na karibu kila mmoja anakuja na picha yake ya kazi hii. Nyingi hazina madhara. Hizi zinamuumiza mlalamikaji mwenyewe, ndiyo maana naziandika.

"Kazi yenu ni kufumania watu kwa kamera ya kificho."

Hapana. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwetu, kamera ya kificho haitoki bila mhariri mkuu kukubali kwa maandishi, naye hakubali mpaka aone kwamba njia zote za wazi zimeshindikana. Siku zangu nyingi hazina kamera kabisa. Nakaa na risiti, namba za simu, tarehe, na barua ambazo hazijajibiwa. Mtu akija na risiti amenipunguzia siku mbili za kazi. Akija na hasira tupu, tunaanza sifuri.

"Mlalamikaji akishasema, mmebakiwa na kurusha tu."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusura tumwaibishe mtu asiye na kosa.

Mama mmoja wa Makorora alitueleza kwamba kilo ya sukari siku hizi haijazi kopo lake kama zamani. Maneno yake yalikuwa mazito na alijua kuyasema; kwenye picha angependeza. Tukanunua kilo moja moja kwenye maduka matatu, tukapima kwa mizani yetu ya kidijitali: gramu 960, 965, 960. Nilifurahi, nakiri. Nikapanga picha zangu: mkono unaochota, mfuko unaofungwa, tarakimu kwa karibu kabisa. Kisha tukaingia duka la kwanza, la Ngamiani, na kamera ikiwa inawaka.

Mwenye duka ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nikampa shikamoo, akaitika, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, mizani yangu ina stika ya mwaka huu. Hiyo yenu imehakikiwa na nani?" Sikuwa na jibu. Akanyanyua jiwe lake la kilo, lile lenye mhuri wa serikali, akaliweka juu ya mizani yetu. Ikasoma 962.

Ningepaswa kuliona mapema. Maduka matatu yasiyojuana hayawezi kupunja kwa kiasi kilekile. Kosa likifanana hivyo, mtazame anayepima. Tukapeleka mizani yetu Wakala wa Vipimo, nao wakathibitisha kwamba inapunguza. Sheria inataka mizani ya biashara ihakikiwe kila mwaka. Sisi tuliokwenda kumhoji mwenzetu hatukuwa tumehakiki yetu hata mara moja.

Na kopo la mama? Kopo hupima ujazo, halipimi uzito. Chenga za sukari zikibadilika ukubwa, kilo ileile inaweza kujaza kopo au isijaze. Tulirudi kumweleza, tukampimia mbele yake. Kipande hakikurushwa. Tangu siku ile, kila picha ninayopiga ya upimaji inaanza na jiwe la kilo lenye mhuri juu ya mizani yetu, bila kukata, mtazamaji aone mwenyewe.

"Petroli Tanga wanatuibia, Dar ni bei nyingine."

Lalamiko hili hurudi karibu kila mwezi. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kuna bei za mafuta yanayoingilia bandari ya Dar es Salaam, ya Tanga na ya Mtwara. Kisha huongezwa gharama ya kusafirisha, ndiyo maana hata wilaya za mkoa mmoja hazilingani. Kituo kinakuwa na kosa kikivuka kikomo cha eneo lake. Ukisikia bei ya Dar redioni, hujasikia ya Tanga.

"Vipodozi vyenye sumu, nendeni TFDA."

TFDA ilikuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na jina hilo halipo tangu 2019. Chakula na vipodozi vilihamia TBS, yaani Shirika la Viwango, dawa na vifaa tiba vikabaki kwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtu anayetumwa ofisi isiyohusika huchoka njiani na kuacha lalamiko lake, kwa hiyo maandishi ya mwisho wa kipande, yale ya "peleka wapi", nayasoma mara tatu kabla ya kuyaachia.

"Mkinirusha, hela yangu inarudi."

Mara nyingine inarudi, maana mfanyabiashara hulinda jina. Lakini sisi si mahakama, wala hatuna nguvu ya kumlazimisha mtu. Tume ya Ushindani ipo kwa Sheria ya 2003 na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Peleka lalamiko huko hata kama sisi tumelichukua. Usitungoje.

"Mnalipwa bahasha mnyamaze."

Bahasha huletwa. Huitwa nauli, huitwa ya maji. Hairudi nasi garini, na aliyeileta anaandikwa kwenye taarifa ya siku.

"Kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu ni kumwonya afiche ushahidi."

Hili huulizwa na watu wema kabisa, na naelewa uchungu wao. Ila ushahidi unakuwa umeshapigwa picha na kuhifadhiwa kabla barua yetu haijamfikia. Barua inataja duka, tarehe, bidhaa, na tulichokikuta, na inampa siku za kutosha. Akikubali kuhojiwa, ndipo kazi yangu hasa inapoanza, kazi ambayo mtazamaji haioni. Nikiweka kamera chini ya kidevu chake na kumwachia taa ya upande mmoja, atafanana na mwizi kabla hajafungua mdomo. Nikimhoji amesimama juani mlangoni, jasho likimtoka, huku mlalamikaji nimemkalisha sebuleni kwenye kiti chake, nimeshahukumu.

Kwa hiyo yule mzee wa Ngamiani, tuliporudi kwake miezi michache baadaye kupiga picha za kipande kuhusu stika za mizani, nilimuuliza angependa kukaa wapi. Akachagua nyuma ya kaunta, pembeni ya mizani yake. Nikashusha kamera mpaka usawa wa macho yake, nikamwomba kijana wa maiki azime feni. Mzee akaweka jiwe la kilo kwenye mizani, akangoja itulie, akaanza kueleza.