Je, wajua ni nani huamua chama cha walimu kiwekewe kibao cha kumbukumbu?

Kando ya barabara za Texas, Marekani, kuna maelfu ya vibao vya alumini vinavyoeleza yaliyotokea mahali hapo: vita, kanisa la kwanza, mkutano uliozaa chama cha walimu. Kwa kuwa kibao kina nembo ya serikali, wengi huamini kwamba maofisa wa jimbo waliyapima matukio yote, wakachagua makubwa, kisha wakalipia kazi. Sivyo ilivyo. Kwa kawaida Tume ya Historia ya Texas, chombo cha jimbo kinachotoa vibao hivi, husubiri kuombwa.

Imani hiyo huzaa nyingine mbili. Kwanza, kwamba jengo lenye kibao halibomolewi. Kibao cha kueleza tukio hakina nguvu hiyo ya kisheria. Ipo hadhi nyingine, ya jengo la kihistoria lililosajiliwa, na hata hiyo humtaka mwenye jengo aiarifu tume siku 60 kabla ya kubadilisha sura ya nje. Pili, kwamba tukio lisilo na kibao halikuwa na uzito. Hii ndiyo inayopotosha zaidi.

Fikiria cheti cha kuzaliwa. Serikali hukitoa, huhakiki maelezo na kugonga muhuri, lakini lazima mtu aende kuomba. Mtoto ambaye hakuombewa cheti amezaliwa vilevile. Ndivyo ilivyo kwa kibao. Wenye hamu ya kumbukumbu hupeleka maombi kupitia tume ya historia ya kaunti, wakiambatanisha maelezo ya utafiti yenye vyanzo. Tume ya jimbo huhakiki, huandika maneno yenyewe na kuagiza kibao. Gharama hubebwa na walioomba. Kwa hiyo chama chenye wanachama, fedha na nyaraka zilizotunzwa hufika kwa urahisi kuliko chama kilichokwisha kuvunjwa.

Tazama historia ya walimu wa Texas wenyewe. Chama cha Walimu wa Jimbo la Texas kilianzishwa mwaka 1880 katika mji mdogo wa Mexia, nacho kingali hai. Miaka minne baadaye, mwaka 1884, walimu Weusi walianzisha chama chao huko Prairie View, kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa cha Weupe. Chama hicho kilisaidia kupigania haki ya Weusi kusoma katika vyuo vya jimbo, kisha kikavunjwa mwaka 1966. Chama kisichokuwepo hakiwezi kuomba kitu. Lazima wengine wakiombee.

Ukisimama mbele ya kibao, tazama mwisho wa maandishi. Vingi vina mwaka ndani ya mabano. Huo si mwaka wa tukio, bali wa kibao chenyewe, na hukuambia maneno hayo yaliandikwa enzi gani. Herufi zimeinuka kwa sababu alumini iliyoyeyushwa humiminwa ndani ya kalibu, kwa hiyo kusahihisha sentensi si jambo jepesi.

Tume inalijua pengo hili. Ada za maombi huingia kwenye mfuko unaogharimia vibao vya historia ambazo hazijasimuliwa vya kutosha, na kwa vibao hivyo aliyependekeza habari halipii kibao.