Noppo-san hakuwa bubu, na mengine yanayosemwa ovyo kuhusu Dekirukana

Kama umeshakutana na zile klipu za zamani za TV ya Japani, jamaa mrefu mwembamba kavaa kofia laini na suruali ya mikanda ya mabegani, anakata maboksi na kubandika magazeti kwa selotepu huku mdoli mkubwa wa kahawia anamsumbua, basi hiyo ndo Dekirukana, kipindi cha watoto cha NHK, shirika la utangazaji la Japani, kilirushwa 1970 hadi 1990. Jamaa ni Noppo-san, mdoli ni Gonta-kun.

Sasa kuna watu mpaka leo wanasema eti yule baba alikuwa bubu. Si kweli jamani. Uongo huu ulienea kwa sababu miaka yote ile mtu anaunda vitu mbele ya watoto na mdomo hafungui, lakini ulikuwa uigizaji tu, maneno alikuwa anayasema msimulizi asiyeonekana, kwa muda mrefu Noriko Tsukase, yeye Noppo kazi yake ni mikono, uso na miguu. Hasa miguu, maana alikuwa mtu wa kudansi, shabiki mkubwa wa Fred Astaire, mwangalie anavyolifuata boksi tu utajua. Kwenye kipindi cha mwisho, 1990, akaongea: "Aa, nimeongea!" Watoto walioamini kwamba hawezi, sijui usiku ule walilalaje. Na 2005, ana miaka 71, NHK hiyohiyo wakamleta aimbe na kucheza kama babu panzi.

Jingine, eti alikuwa fundi hatari wa mikono na kila kitu alibuni mwenyewe. Hapa ndo nacheka, maana yeye mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba mikono yake mizito. Mbunifu wa vile vitu alikuwa Hiroshi Edatsune, anakaa nyuma ya kamera, ndo maana wengi hawamjui. Kwangu hiyo inampa Noppo sifa zaidi, kushika mkasi usiokupenda halafu mtoto wa nyumbani aone ni kazi rahisi na yeye akimbilie boksi la mama yake, si mchezo.

Wengine wanamchanganya na Wakuwaku-san. Huyo ni wa Tsukutte Asobo, kipindi kilichoshika nafasi ya Dekirukana 1990 na kwenda hadi 2013, na anaongea kweli kweli, mwenzake ni dubu Gorori. Ukisikia maneno mengi ujue si Noppo.

Halafu hii ya kusema amefariki 2023. Hapana, Noppo-san, jina lake la kisanii Noppo Takami, alifariki 10 Septemba 2022, umri miaka 88. Habari ilitolewa 10 Mei 2023, siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo huo mwaka mnaousambaza ni wa tangazo.